Madam C. J. Walker: dobi aliyewatoa wanawake jikoni kwa watu

Popote walipo Waafrika ughaibuni pana saluni. Inaweza kuwa chumba kimoja nyuma ya duka la vyakula, inaweza kuwa sebule ya mtu, lakini ipo. Jumamosi inajaa tangu asubuhi mpaka usiku, na mara nyingi ndipo mahali pa kwanza ambapo mgeni aliyeshuka kwenye ndege juzi anasikia Kiswahili na kuulizwa ametokea wapi. Sisi wengine tulipofika huku, kalamu ikiwa imeshatukosanisha na wakubwa wa nyumbani, habari za kwetu tulizipata kwanza kwenye viti vya kusubiria vya saluni kama hizo, tukiwa hatujui hata pa kununua kadi ya simu.

Tulichochelewa kukiona ni yule dada anayesuka. Anasimama saa nane, saa kumi, mgongo umepinda na vidole vimekufa ganzi. Mmoja analipwa kwa kila kichwa, mwingine anagawana na mwenye saluni, mwingine analipa kodi ya kiti kila wiki, awe amepata wateja au asiwe amepata. Akiugua, siku hiyo hakuna fedha. Je, huyu ni mwajiriwa, au ni mfanyabiashara anayejitegemea? Ukimuuliza mwenye saluni atakupa jibu moja, ukimuuliza dada mwenyewe atakupa jingine.

Swali hili si geni. Lilikuwepo zaidi ya miaka 100 iliyopita, na mmoja wa watu waliolikabili kwa upana kabisa ni mwanamke aliyezaliwa kwenye shamba la pamba, akafua nguo za watu kwa miaka mingi, kisha akajenga kampuni iliyosambaa Marekani nzima. Dunia inamfahamu kwa jina la Madam C. J. Walker. Wengi wanamkumbuka kwa utajiri wake. Leo tunaomba tumtazame kwa upande mwingine, yaani upande wa kazi na wa watu waliofanya kazi chini ya jina lake.

Mtoto wa shamba la pamba

Jina lake la kuzaliwa lilikuwa Sarah Breedlove. Alizaliwa tarehe 23 Desemba 1867 huko Delta, katika jimbo la Louisiana, ng'ambo ya mto Mississippi ukiutazama mji wa Vicksburg. Wazazi wake, Owen na Minerva, walikuwa watumwa katika shamba hilo hilo, na ndugu zake wakubwa walizaliwa utumwani. Utumwa ulifutwa katika Marekani yote mwaka 1865, kwa hiyo Sarah ndiye mtoto wa kwanza wa nyumba ile kuzaliwa akiwa huru.

Lakini uhuru ule ulikuwa wa kwenye karatasi zaidi kuliko wa kwenye chungu. Ardhi ilibaki kwa wenye ardhi. Waliokuwa watumwa walilima kwa kugawana mavuno na mwenye shamba, na mwisho wa msimu walijikuta wanadaiwa mbegu, chakula na nguo. Sarah alichuma pamba akiwa mtoto mdogo. Alipofikisha miaka 7 alikuwa yatima wa baba na mama.

Akahamia Vicksburg pamoja na dada yake Louvenia, akaanza kazi za ndani kwa watu. Shemeji yake alikuwa mkatili, na Sarah mwenyewe alieleza baadaye kwamba aliolewa na miaka 14 ili apate kwake. Mumewe aliitwa Moses McWilliams. Mwaka 1885 wakapata binti, Lelia. Kabla binti huyo hajafikisha miaka mitatu baba yake alikuwa amefariki, na Sarah akawa mjane mwenye umri wa miaka 20, bila elimu isipokuwa miezi michache ya darasani.

Karai, moto na sabuni kali

Sarah alimchukua mwanawe akaenda St. Louis, katika jimbo la Missouri. Huko walikuwepo kaka zake, nao walikuwa vinyozi. Pengine hapo ndipo alipoona kwa mara ya kwanza tofauti kati ya mtu anayekwenda kufanya kazi nyumbani kwa bwana na mtu ambaye mteja anamfuata kwenye kiti chake.

Yeye mwenyewe akawa dobi. Wasomaji wa leo, wenye mashine ya kubonyeza kitufe, wasidhani kazi hiyo ilikuwa nyepesi. Maji yalichotwa na kubebwa, yakachemshwa kwenye masufuria makubwa, nguo zikasuguliwa kwa sabuni kali inayochubua mikono, zikaanikwa, zikapigwa pasi ya chuma iliyopashwa jikoni. Malipo yake yalikuwa ni dola moja na ushei kwa siku, na kwa fedha hiyo alimsomesha Lelia.

Hata hivyo, madobi hawa hawakuwa watu wa kukaa kimya. Mwaka 1866, mwaka mmoja tu baada ya utumwa kufutwa, madobi wa mji wa Jackson huko Mississippi walikubaliana bei moja na kumwarifu meya wa mji wao kwa barua. Mwaka 1881 madobi wa Atlanta waliunda chama na kugoma. Walianza kina mama wapatao 20, na katika muda wa wiki chache wakafika kama 3,000. Wengine walikamatwa na kutozwa faini, lakini mji mzima ulijua kwamba bila wao hakuna shati safi. Sarah alitokana na tabaka hilo la wanawake. Tukimwelewa hivyo, mambo aliyoyafanya baadaye hayatatushangaza.

Mafuta ya nywele

Katika miaka ya 1890 nywele zake zilianza kunyonyoka. Hakuwa peke yake. Nyumba nyingi za maskini hazikuwa na bomba la maji, watu waliosha vichwa kwa nadra, chakula kilikuwa duni, na mba na vidonda vya kichwa vilikuwa vitu vya kawaida. Sarah alijaribu dawa nyingi za madukani. Mojawapo ilikuwa ya mwanamke mwingine Mweusi, Annie Turnbo, ambaye baadaye aliitwa Annie Malone. Mwanzoni mwa miaka ya 1900 Sarah akawa wakala wa Annie, akiuza mafuta yake nyumba kwa nyumba.

Jambo hili halifai kufichwa, maana masimulizi mengi humtaja Walker kana kwamba aliota peke yake kama uyoga. Annie Malone alimtangulia, na wawili hao waliishia kuwa mahasimu, kila mmoja akidai kwamba njia yake ndiyo ya asili. Vile vile si kweli kwamba Walker ndiye aliyebuni kitana cha chuma cha kunyooshea nywele kwa moto. Vitana hivyo vilikuwa vikiuzwa kabla yake. Na dawa yenyewe haikuwa uchawi: msingi wake ulikuwa salfa, ambayo watu walikuwa wakiitumia tangu zamani kutibu ngozi ya kichwa, ikichanganywa na mafuta ya mgando na kutiwa manukato.

Mwezi Julai 1905 alihamia Denver, Colorado, akiwa na akiba ya dola 1 na senti 50. Mwanzoni alipika kwa watu huku akiuza mafuta. Januari 1906 aliolewa na Charles Joseph Walker, mtu aliyefahamu kazi ya matangazo ya magazeti. Kuanzia hapo akajiita Madam C. J. Walker, akatoa dawa yake mwenyewe ya kukuza nywele, na picha yake ikawa juu ya kopo. Neno Madam lilikuwa na maana yake. Katika nchi ambayo mwanamke Mweusi wa umri wowote aliitwa kwa jina la kwanza kama mtoto, au aliitwa shangazi na watu wasio ndugu zake, yeye aliwalazimisha wote, weupe kwa weusi, watangulize heshima.

Wakala ni nani?

Hapa sasa ndipo penye kiini cha habari yetu. Walker hakuuza mafuta tu, aliuza kazi. Mwaka 1908 alifungua chuo mjini Pittsburgh, akakiita kwa jina la binti yake. Wanawake walifundishwa kuosha kichwa, kusugua ngozi, kupaka dawa na kunyoosha nywele kwa kitana cha moto. Wasioweza kufika walisoma kwa posta kwa ada ya dola 25. Mwaka 1910 makao yakahamia Indianapolis, ambako alijenga kiwanda, na mwaka 1911 kampuni ikasajiliwa rasmi. Wakili wake, Freeman Ransom, ndiye aliyeshika hesabu na barua wakati mama mwenyewe akizunguka nchi nzima kwa treni, na mwaka 1913 akafika hata Jamaika, Kuba, Haiti, Kosta Rika na Panama.

Mwanamke aliyehitimu alinunua bidhaa kwa bei ya jumla, akauza kwa bei ya rejareja, na akatoza pia gharama ya huduma. Alifanya kazi sebuleni kwake, au alikwenda kwa wateja na mkoba wake. Kampuni ilidai kuwa na mawakala wapatao 20,000 wakati mwenyewe anafariki. Hata ukiipunguza hesabu hiyo kwa kuwa ni ya mfanyabiashara anayejisifia, bado ni jeshi kubwa la wanawake.

Tupime jambo hili kwa mizani ya wakati ule. Kwa mwanamke Mweusi wa Marekani, kazi zilizokuwepo zilikuwa ni shamba, kufua, kupika na kulea watoto wa wengine. Kwenye kazi zile za ndani hakukuwa na mkataba, siku ya mapumziko ilitegemea huruma ya mwenye nyumba, na hatari ya kudhalilishwa na wanaume wa nyumba ile ilijulikana na kila mama aliyempeleka binti yake huko. Wakala wa Walker alitoka katika jiko hilo. Wateja wake walikuwa wanawake Weusi wenzake. Hakuna bibi mzungu aliyeweza kumfukuza kazi kesho kwa sababu kaonekana kwenye mkutano jana.

Hata hivyo, haki inatutaka tuseme na upande wa pili. Wakala hakuwa na mshahara. Ada ya dola 25 ilikuwa karibu kipato cha mwezi mzima cha dobi, naye aliilipa kabla hajapata hata senti. Alitakiwa kutumia bidhaa za kampuni ile peke yake. Bidhaa isiponunuliwa, hasara ilikuwa yake. Akiungua mkono kwa kitana, au macho yakimuuma kwa moshi wa mafuta, dawa ilikuwa juu yake. Kwa lugha ya leo, alikuwa mfanyabiashara siku ya hasara na mfanyakazi siku ya masharti. Walio saluni sasa hivi wanasoma mstari huu na kutikisa kichwa.

Kusimama bila kupewa nafasi

Mwezi Agosti 1912 Jumuiya ya Wafanyabiashara Weusi ilikutana Chicago chini ya Booker T. Washington, mtu mwenye sauti kubwa kuliko wote katika siasa za Weusi wa Marekani wakati huo. Walker aliomba kuzungumza, akapuuzwa. Wanaume walieleza habari za benki na biashara zao, yeye akiwa amekaa. Siku ya mwisho alisimama bila kuitwa. Aliwaeleza kwamba ametoka mashamba ya pamba, akapanda mpaka kwenye karai la kufulia, kisha jikoni, na kutoka hapo akajipandisha mwenyewe mpaka kwenye kiwanda alichokijenga kwenye ardhi yake. Washington hakumjibu. Lakini mwaka uliofuata Walker alirudi kwenye mkutano wa jumuiya hiyo hiyo akiwa mzungumzaji aliyealikwa.

Biashara ya nywele ilidharauliwa na wengi. Wachungaji na wasomi wengine waliona kwamba kunyoosha nywele ni kuiga wazungu. Walker alikataa kuiita kazi yake kunyoosha nywele, alisema ni kutunza afya ya kichwa. Sisi tunadhani wakosoaji walikuwa na hoja, na mabishano hayo hayajaisha hadi leo. Lakini tunaona pia kwamba wengi wa wakosoaji hawakuwahi kushika karai.

Philadelphia, 1917

Tarehe 2 Julai 1917 makundi ya wazungu yaliwavamia Weusi wa East St. Louis, Illinois, wakaua makumi ya watu na kuchoma nyumba zao. Chuki ile ilichochewa na ugomvi wa ajira, kwani viwanda vilikuwa vimewaajiri Weusi waliohama kutoka kusini. Tarehe 28 Julai maelfu ya Weusi waliandamana kimya kimya katika jiji la New York. Walker, aliyekuwa ameshahamia Harlem, alikuwa miongoni mwa viongozi waliokwenda Ikulu siku chache baadaye kumtaka Rais Woodrow Wilson achukue hatua dhidi ya mauaji ya Weusi bila kesi. Waliambiwa Rais ana shughuli nyingi, wakarudishwa.

Mwishoni mwa Agosti mwaka huo huo, mawakala zaidi ya 200 walikusanyika katika kanisa la Union Baptist mjini Philadelphia. Walker alikuwa ameanza kuwaunganisha katika matawi ya miji yao, na sasa aliwaita katika chama kimoja cha kitaifa. Ulikuwa ni mmoja wa mikutano ya mwanzo kabisa ya kitaifa ya wanawake wafanyabiashara nchini Marekani. Wanachama walilipa michango, wakasaidiana katika ugonjwa na misiba, jambo ambalo sisi tuliozoea upatu na vyama vya kuzikana hatuhitaji kuelezwa. Zawadi zilitolewa kwa waliouza sana, na zawadi nyingine kwa matawi yaliyosaidia wahitaji zaidi katika miji yao.

Kabla ya kutawanyika, wanawake wale walimpelekea Rais Wilson simu ya maandishi. Walimkumbusha uaminifu wao kwa taifa lililokuwa vitani, na wakapinga dhulma ya East St. Louis na mauaji ya Weusi. Ndugu wasomaji, tafakarini jambo hili. Wasusi, waliokuwa madobi na wapishi, wanamwandikia Rais wa nchi kuhusu damu ya watu wao. Mwaka mmoja kabla, wengi wao wasingethubutu, maana anayekulipa mshahara ndiye anayeufunga mdomo wako. Sisi ambao tumeona magazeti yakinyamazishwa kwa kunyimwa matangazo tu, bila hata kufungiwa, tunaielewa hesabu hiyo.

Lakini tusidanganyane. Chama kile kilianzishwa na mwenye kampuni, kikabeba jina lake, na moja ya kazi zake ilikuwa kulinda bidhaa zake zisiigwe na mawakala wake wasihamie kwa washindani. Chama cha madobi wa Atlanta kiliweza kumwambia tajiri bei hii hatuitaki. Chama cha Philadelphia kingemwambia nani, wakati tajiri ndiye aliyekaa kwenye kiti cha mbele? Walker aliwapa wanawake sauti mbele ya Rais wa Marekani. Mbele yake mwenyewe, sauti hiyo ilikuwa ndogo zaidi.

Mwisho na kilichobaki

Mwaka 1918 alihamia katika jumba lake huko Irvington, kando ya mto Hudson, lililochorwa na Vertner Tandy, msanifu majengo Mweusi. Hakulikalia muda mrefu. Shinikizo la damu na maradhi ya figo vilimkamata, na madaktari walimtaka apumzike, jambo ambalo hakuliweza. Katika siku zake za mwisho aliahidi dola 5,000 kwa NAACP, jumuiya ya kutetea haki za Weusi, kwa ajili ya kupiga vita mauaji yale yale aliyoyapeleka Ikulu. Alifariki tarehe 25 Mei 1919 akiwa na miaka 51.

Husemwa kwamba alikuwa milionea. Mwenyewe alikanusha wakati wa uhai wake, na mali aliyoiacha ilikadiriwa kuwa chini ya dola milioni moja. Wasia wake uliagiza kwamba theluthi mbili ya faida ya kampuni ya siku za mbele iende kwenye hisani.

Lakini urithi mkubwa zaidi haukuwa kwenye wasia. Ulikuwa ni kile kiti ambacho mwenyewe hakikodi kwa bwana. Mwezi Januari 1957, katika kisiwa cha Johns huko South Carolina, lilifunguliwa darasa la usiku la kuwafundisha Weusi watu wazima kusoma na kuandika ili waweze kujiandikisha kupiga kura. Mwalimu aliyechaguliwa, Bernice Robinson, hakuwa mwalimu wa shule. Alikuwa msusi. Walimu wa serikali waliojihusisha na siasa za haki walipoteza kazi zao, kama alivyoipoteza Septima Clark mwaka 1956 kwa kukataa kujitoa NAACP. Msusi asingeweza kufukuzwa, kwa sababu mkate wake ulitoka kwa watu wake mwenyewe. Madarasa ya namna hiyo yalienea majimbo ya kusini, na watu wengi wakapata kura kwa njia hiyo.

Turudi kwenye saluni yetu ya ughaibuni. Yule dada anayesuka hawezi kungoja Madam Walker mwingine aje kumwokoa, na akija, huenda akawa na masharti yake. Lakini maisha ya mwanamke huyu yanatufundisha maswali ya kuuliza. Kiti ni cha nani? Bei inapangwa na nani? Siku ya ugonjwa inabebwa na nani? Na wasusi wa mji mmoja, wanaofahamiana kwa majina na kuchangiana misiba, kwa nini wasikae pia siku moja wakayazungumza haya?

Madobi wa Jackson walikaa mwaka 1866, wakiwa wametoka utumwani mwaka mmoja tu, na wengi wao hawajui kusoma. Safari ijayo tukikaa kwenye kiti cha kusubiria, tumuulize dada huyo habari za kazi yake kabla hatujamuuliza habari za nyumbani.